Mbuzi, Ada na Bodi ya Afya: Majibu kwa Wasomaji Wetu Walioko Marekani

Safu hii kwa kawaida hujibu maswali matatu yasiyohusiana. Safari hii nimeweka kando utaratibu huo, kwa sababu barua tano nilizozipokea kutoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani zote zinazungumzia chombo kimoja ambacho wengi wetu hatukukisikia mpaka tulipohamia huko, yaani bodi ya afya ya kaunti. Majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba. Kwa wasionifahamu, nilikaa miaka kadhaa katika kliniki moja ya kaunti nikiwa mkalimani wa Kiswahili, kwa hiyo sehemu ya majibu haya nimeyasoma, na sehemu nimeyaona kwa macho yangu kwenye dirisha la mapokezi.

SWALI: Shikamoo, Mama Mhariri. Mimi ni fundi wa magari katika jimbo la North Carolina. Mlangoni mwa kliniki ya kaunti yetu pamebandikwa tangazo la kikao cha bodi ya afya lenye mambo mawili: kanuni mpya za maonyesho ya wanyama na mabadiliko ya ada za kliniki. Mke wangu amecheka, anasema watu hawa wamechanganya zizi na hospitali. Je, hiyo ni kawaida, au ni bodi yetu tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mkeo kwamba zizi na hospitali vilichanganywa zamani sana, na waliovichanganya walikuwa na sababu. Bodi za afya za mitaa nchini Marekani zilianza kazi kwa kushughulika na visima, taka, machinjio, maziwa na mizoga, yaani mambo ambayo mtu huyafanya uani kwake na jirani ndiye anayeugua. Kliniki, chanjo na madaftari ya wagonjwa vilikuja baadaye na kuwekwa juu ya msingi huo huo.

Huko kwenu sheria ya jimbo inataja hata watu wanaopaswa kuketi mezani. Bodi ya kawaida ya kaunti ina wajumbe 11: daktari wa binadamu, daktari wa meno, mtaalamu wa macho, daktari wa mifugo, muuguzi, mfamasia, mhandisi, kamishna mmoja wa kaunti, na raia watatu wanaowakilisha wananchi wa kawaida. Itazameni orodha hiyo vizuri, kwa kuwa kiti cha daktari wa mifugo kimo ndani ya sheria kama kilivyo kiti cha muuguzi, na mhandisi yupo kwa sababu maji machafu yanapita kwenye mabomba kabla hayajafika tumboni mwa mtu. Kuna kaunti ambazo zimeunganisha bodi ya afya na ile ya ustawi wa jamii, kwa hiyo mkiingia ukumbini mnaweza kukuta sura za ziada.

Hata hivyo, mambo mawili yaliyo kwenye tangazo lenu hayapiti mlango mmoja, na hili ndilo ningependa ulishike. Kanuni ya afya bodi inaweza kuipitisha yenyewe, mradi ilani iwe imechapishwa gazetini angalau siku 10 kabla. Ada ina safari ndefu zaidi: mkurugenzi wa idara ya afya hupendekeza mpango, bodi huukubali, kisha makamishna wa kaunti nao ni lazima wauidhinishe. Kwa lugha ya mtaani, ukichelewa kikao cha bodi kuhusu ada, bado una mlango wa pili wa kubisha. Ukikichelewa kuhusu mbuzi, kanuni imeshapita. Fedha zinazokusanywa haziwezi kupelekwa kutengeneza barabara au kujenga uwanja wa mpira, kwa kuwa sheria inataka zitumike kwa shughuli za afya ya umma.

Msomaji aliye katika jimbo jingine asidhani kwamba haya yote ni sawa na kwake. Katika Massachusetts, kwa mfano, si kaunti bali kila mji una bodi yake, na kifungu cha 31 cha sura ya 111 ya sheria za jimbo hilo kinaipa bodi mamlaka ya kutunga kanuni za afya alimradi ziwe za busara. Neno hilo la busara limewapeleka watu mahakamani mara nyingi, lakini hiyo ni safu ya siku nyingine.

SWALI: Mama, hujambo. Mwanangu ana miaka minne, na kila mwaka shule yake ya awali huwapeleka watoto kwenye maonyesho kuwashika mbuzi, kondoo na ndama. Sasa kanuni inayopendekezwa na kaunti inataka sinki za kunawia mlangoni, inakataza chakula ndani ya banda, na inasema mtoto aliye chini ya miaka mitano asiguse mnyama bila mtu mzima kumsimamia kwa karibu. Mimi nimezaliwa Singida, nimelala chumba kimoja na ndama mpaka nikawa msichana mkubwa. Je, hii si hofu ya Kizungu tu?

JIBU: Sijambo, mama mwenzangu. Nami nimekua na mbuzi, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoona kibao cha kuwaonya watu juu ya mwanambuzi nilicheka peke yangu. Nimeacha kucheka. Kijijini kwetu mtoto aliyehara damu alihara damu. Hakuna aliyepima choo chake maabara, na akifariki ilisemwa ni tumbo. Tulikuwa tunaishi na ugonjwa huo bila kuuhesabu, na jambo lisilohesabiwa hupewa jina la mazoea.

Anayetafutwa na kanuni hii hasa ni bakteria aitwaye E. koli wa aina ya O157. Makao yake ni utumbo wa ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ubaya wake ni kwamba mnyama mwenyewe haugui. Anakula, anaruka, manyoya yake yanang'aa, na cheti cha daktari wa mifugo kinasema ni mzima, jambo ambalo ni kweli kabisa. Kinyesi chake kikikauka juu ya manyoya, kwenye fito za uzio au kwenye maranda, kinahama na mkono wa mtoto mpaka mdomoni. Bakteria wasiofika 100 wanatosha kumwangusha mtu, na idadi hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu.

Katika jimbo la North Carolina jambo hili lina historia. Mwaka 2004, kwenye maonyesho makubwa ya jimbo mjini Raleigh, watu 108 waliugua, wengi wakiwa watoto waliopitia banda la kushika wanyama, na 15 kati yao walipata madhara mabaya yanayofuata ugonjwa huo, ambapo chembe nyekundu za damu huvunjika na figo hushindwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria inayodai kibali na ukaguzi wa Idara ya Kilimo kwa mabanda ya aina hiyo kwenye maonyesho ya kilimo. Pamoja na sheria hiyo, mwaka 2012 katika maonyesho ya Kaunti ya Cleveland, karibu na mji wa Shelby, watu 106 waliugua tena na mtoto mmoja akafariki. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku za maonyesho, na maji ya mvua hayasomi kibao kinachoonyesha banda linaishia wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi, kama mtu anaweza kupenda jambo la namna hiyo, unatoka kwenye bustani ya wanyama ya Denver mwaka 1996. Watoto walipelekwa kumtazama joka wa Komodo, mjusi mkubwa ambaye hakuna mzazi mwenye akili angemruhusu mwanawe amguse, na kweli hakuna aliyemgusa. Uzio wa mbao ulimtenga mjusi na watu. Hata hivyo watu 65 waliugua salmonela, ugonjwa mwingine wa kuhara unaoletwa na bakteria. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba mjusi alikuwa akikanyaga kinyesi chake, kisha anaegemeza miguu ya mbele juu ya ule uzio, na watoto nao, kwa upande wao, wanaushika kwa viganja ili waone vizuri. Kitu kilichowekwa kiwe kinga ndicho kilichopitisha ugonjwa. Walionawa mikono baada ya kutoka walisalimika kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo, mama, unapoisoma kanuni ya kaunti yako, usiangalie kama inakataza kugusa. Angalia sinki ziko wapi. Zikiwa nyuma ya vyoo, mita 100 kutoka bandani, na kati ya hapo kuna muuza soseji, kanuni imeandikwa vizuri na haitamlinda mtu. Sinki inatakiwa iwe palepale mtu anapotokea, iwe na maji yanayotiririka, sabuni na karatasi ya kujifutia, na angalau moja iwe na kimo ambacho mtoto wa miaka minne anaifikia bila kuinuliwa, kwa sababu mtoto anayeinuliwa kwa kiuno hunawa ncha za vidole tu. Vitakasa mikono vya spiriti ni bora kuliko kukosa vyote, lakini havifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye uchafu, na vipo vimelea vya kuhara ambavyo spiriti haiviui.

Katazo la chakula nalo lina maana pana kuliko chakula. Chupa ya maziwa, chuchu bandia, kikombe chenye mrija na kigari cha mtoto ambacho magurudumu yake yamepita kwenye samadi vyote hubeba kitu kilekile hadi ndani ya gari lako, na kutoka garini hadi jikoni. Ukiuliza kwa nini wanasumbuka na jengo hata baada ya wanyama kuondoka, jibu liko Ohio: mwaka 2001, kwenye maonyesho ya Kaunti ya Lorain, waliougua ni pamoja na watu waliohudhuria dansi ndani ya jengo ambalo wanyama walikuwa wameonyeshwa humo kabla, na wachunguzi walimkuta yule E. koli akiwa hai katika vumbi la mbao wiki 42 baadaye.

Kuhusu umri wa miaka mitano, bodi haikuuokota hewani. Kwa jumla kati ya wagonjwa 100 wa E. koli huyu, 5 hadi 10 hupata yale madhara ya figo, na kwa watoto walio chini ya miaka mitano idadi hiyo ni kubwa zaidi. Kama mimi ningekuwa na kiti mezani ningeongeza jambo moja ambalo wewe hukulitaja, nalo ni kuzuia kondoo na mbuzi walio karibu kuzaa wasiwekwe mahali pa kushikwa, hasa na mama wajawazito, kwa kuwa kuna magonjwa yanayotoka na maji ya uzazi wa mnyama na kusambaa hewani.

Mpeleke mwanao. Mnawishe mwenyewe, kwa sekunde 20, usimwachie mwalimu mwenye watoto wengine kumi. Na kama siku tatu au nne baadaye atahara, na zaidi kama ataona damu, mpeleke kliniki mara moja na uwaambie kwamba ameshika wanyama, kwa sababu hawatakuuliza. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara wala antibiotiki iliyobaki kabatini; kwa ugonjwa huu zinaweza kuongeza hatari. Kipindi cha kuangalia kwa makini ni pale kuhara kunapoanza kupungua na wewe unapumua: mtoto akiwa amepauka, amelegea na hakojoi kama kawaida, hiyo ni dharura.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, bodi ya afya ina uwezo wa kupiga marufuku sarakasi yenye simba na tembo isije mjini kwetu? Watoto wangu wanaipenda.

JIBU: Inategemea sababu inayotoa. Bodi ya afya inazungumzia ugonjwa na majeraha. Mateso ya mnyama ni mada ya vyombo vingine, kuanzia Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo huwapa leseni waonyeshaji wa wanyama chini ya sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 na marekebisho yake, hadi halmashauri za miji zilizojiamulia kupiga marufuku sarakasi za wanyama pori. Bodi inayotaka kuzuia watu wasimguse mnyama fulani ina hoja ya kiafya iliyo wazi. Bodi inayosema hatutaki tembo apande kigoda imeingia shamba la mwenzake, hata kama wewe na mimi tunakubaliana nayo moyoni. Kwa vyovyote, swali lako linapungua uzito mwaka hadi mwaka: sarakasi kubwa kuliko zote huko, Ringling, iliacha kutumia tembo mwaka 2016, ikafungwa mwaka 2017, na iliporudi mwaka 2023 ilirudi bila mnyama hata mmoja. Tangu Desemba 2022 sheria ya shirikisho nayo inazuia watu wa kawaida kuwashika simba, chui na watoto wao kwenye maonyesho.

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi na mume wangu hatuna bima ya afya. Katika kaunti yetu inapendekezwa kwamba ada ya kumwona muuguzi iongezwe dola 10. Mkurugenzi amesema ni kiasi kidogo ambacho hakitamzuia mtu yeyote mwenye shida ya kweli. Je, anasema kweli? Na kuna huduma ambazo hawaruhusiwi kutulipisha?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na la pili, maana ndilo litakalokufaa kesho asubuhi.

Chanjo za watoto wasio na bima zinatolewa na mpango wa shirikisho ulioanza mwaka 1994 kwa ajili ya walio chini ya miaka 19. Dawa yenyewe hailipiwi. Kliniki inaweza kudai ada ndogo ya kazi ya kuchoma sindano, lakini haina ruhusa ya kumrudisha mtoto kwa sababu mzazi hana fedha hizo. Kwa huduma za uzazi wa mpango zinazofadhiliwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, mtu ambaye kipato chake hakizidi kiwango rasmi cha umaskini halipishwi, na juu ya hapo ada hupanda hatua kwa hatua hadi kipato kinapofika mara mbili na nusu ya kiwango hicho. Kama uko North Carolina, sheria ya jimbo inaitaka idara ya afya ya mtaa ipime na kutibu kifua kikuu, pamoja na magonjwa ya zinaa yaliyoorodheshwa, bila mgonjwa kulipa chochote. Ukiona ada inayopendekezwa inagusa mojawapo ya hayo, uliza wanatumia kifungu gani.

Sasa turudi kwa mkurugenzi. Simtuhumu kwa uongo. Nadhani anaamini anachosema, kwa kuwa yeye dola 10 haziwezi kumzuia. Sisi Waafrika Mashariki, hata hivyo, tulishalifanya jaribio hili kwa miili yetu. Kenya ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali Desemba 1989. Katika kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu waliofika kabla ya malipo na katika miezi tisa ya malipo, yaani Januari hadi Septemba 1990. Wanaume walipungua hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Malipo yalipoondolewa wanawake walirudi kwa wingi, hata wakaipita idadi ya mwanzo, lakini wanaume walifika asilimia 64 tu. Hebu fikiria waliokosekana walikuwa wakifanya nini miezi hiyo tisa: ugonjwa wa zinaa ambao haukutibiwa haukai nyumbani ukisubiri ada ishuke.

Marekani wenyewe walilipima jambo hilo katika utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND uliofanyika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, ambapo familia zilipangiwa viwango tofauti vya kuchangia matibabu. Waliochangia walikwenda kwa daktari mara chache zaidi, na hapo ndipo penye somo kwa mkurugenzi wako: walipunguza matibabu ya lazima na yasiyo ya lazima karibu kwa kiasi kilekile. Ada haijui kuchagua. Inamzuia mwenye mafua ya kawaida, na inamzuia mwenye kikohozi cha wiki sita.

Huyo mwenye kikohozi nilimwona. Alikuwa mwanamume wa makamo, mgeni wa miezi michache tu nchini, aliyesimama mbele ya orodha ya ada iliyobandikwa ukutani kwenye kliniki niliyofanyia kazi. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari mpaka kwenye ziara ya kwanza na dola zilizoandikwa kando yake. Akakohoa ndani ya kiwiko, akaikunja karatasi aliyopewa na mwajiri, akatoka. Nilikuwa nimemsikia akikohoa tangu anaingia, nikamfuata hadi kwenye maegesho ya magari. Huduma aliyoihitaji ilikuwa bure, na sentensi ya kueleza hivyo ilikuwepo kwenye orodha ileile, chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza. Alirudi ndani. Sijui ni wangapi walitoka wakati nilipokuwa kwenye chumba kingine.

Tangu siku ile ninapoona bodi ikijadili ada, humkumbuka yule joka wa Denver. Bodi zetu zinaijua vizuri kazi ya uzio linapokuja suala la mbuzi: zinauliza una kimo gani, unaegemewa na nani, unapitisha nini. Ada nayo ni uzio, na kwa nadra sana huulizwa maswali hayo. Wewe yaulize. Mwombe mkurugenzi aeleze ongezeko hilo litaingiza kiasi gani kwa mwaka baada ya kutoa gharama ya kuzikusanya, maana kutuma bili tatu kwa mtu asiye na kitu kuna gharama yake. Uliza kama kutakuwa na ngazi ya ada kulingana na kipato, na uthibitisho wa kipato ni upi. Palipo na sharti la hati za mshahara za miezi mitatu, mfanyakazi wa kibarua ameshafungiwa nje kabla hajafika kwenye ngazi. Uliza pia orodha itabandikwa vipi. Ningependa huduma za bure ziwe juu kabisa, kwa herufi kubwa, na kwa lugha zinazozungumzwa kwenye benchi la kusubiria.

Sisemi kwamba ada zote ni mbaya. Kliniki ina umeme wa kulipia, na muuguzi ana watoto. Anayekwenda kutalii na anataka chanjo ya homa ya manjano anaweza kulipa gharama kamili bila jirani yake yeyote kuugua kwa sababu hiyo, na kwa mwenye bima, bima yake ndiyo ibebeshwe gharama. Ninachokataa ni kulitafuta pengo la bajeti kwenye mfuko wa mtu ambaye akibaki nyumbani atatuambukiza.

SWALI: Mama Mhariri, nimeamua nitakwenda kwenye kikao kusema juu ya ada, lakini Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Mtoto wangu wa miaka 13 anakijua vizuri. Nimchukue anisaidie?

JIBU: Nenda, baba, lakini mtoto mwache amalizie kazi yake ya shule. Idara ya afya inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na moja ya matokeo yake ni kwamba haina budi kuchukua hatua za maana ili asiyejua Kiingereza naye apate huduma. Mkalimani hutafutwa na idara na gharama ni yao. Ndani ya kliniki sheria imeenda mbali zaidi: isipokuwa kwa dharura, hawapaswi kumtegemea mtoto atafsiri. Piga simu kwa karani wa bodi mapema, siku kadhaa kabla, useme jina la lugha yako na kwamba unataka kuzungumza katika sehemu ya maoni ya wananchi. Ukisubiri hadi jioni ya kikao watakuambia kwa upole kwamba mkalimani hakupatikana, na watakuwa wanasema kweli.

Muda wa msemaji mara nyingi ni dakika tatu, na ukizungumza kupitia mkalimani sentensi zako zinahitaji muda maradufu, kwa hiyo mwombe karani uongezewe. Usianze na historia ya safari yako kutoka nyumbani. Anza na ada: ilivyo sasa, itakavyokuwa, na ni ziara gani ambayo familia yako itaiacha ikipanda. Wajumbe wengi ni watu wa fani, na hukaa sawa kitini wanaposikia ziara iliyotajwa kwa jina, iwe ni kipimo cha sukari au ukaguzi wa mjamzito. Peleka maneno hayo hayo kwa maandishi pia, hata kwa Kiswahili, ukimkabidhi karani nakala moja na kumwomba ayaweke kwenye kumbukumbu za kikao. Kumbukumbu hizo ni mali ya umma. Baada ya mwezi unaweza kurudi kuomba nakala, na kama karatasi yako haimo, ipeleke kwa makamishna watakapokaa kuidhinisha ada, kwa kuwa huo ndio ule mlango wa pili niliomweleza fundi wa magari.